Goti la Mwanamichezo Kijana

Leo tunazungumza na vijana wanaocheza kandanda, netiboli na mpira wa vikapu, pamoja na wazazi na walimu wao wa michezo.

Huenda unamfahamu Gavi, kiungo wa Barcelona. Tarehe 19 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka 19, aliumia goti la kulia akiichezea Uhispania dhidi ya Georgia. Alifanyiwa upasuaji, na hakucheza tena mechi hadi tarehe 20 Oktoba 2024. Hiyo ni miezi 11, kwa mchezaji mwenye madaktari wa kumwangalia kila siku. Iweke hesabu hiyo akilini, maana huku kwetu nimewaona vijana wakirudishwa uwanjani baada ya wiki sita.

Kilichokatika ni kano. Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama msalaba, zikifunga mfupa wa paja na ule wa muundi. Ya mbele huzuia muundi usichomoke. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: anageuka ghafla au anatua vibaya baada ya kuruka, mguu umebaki pale pale, mwili umekwenda upande mwingine. Wengi husikia mlio ndani ya goti, na uvimbe huja katika saa chache. Wasichana wanaocheza huumia hivi zaidi kuliko wavulana.

Mama mmoja alinieleza habari za mwanawe wa miaka 17. Goti lilivimba jioni ile ile. Wakaenda kwa mkandaji, likakandwa kwa mafuta ya moto. Baadaye wakapiga eksirei, wakaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Uvimbe ukaisha, kijana akarudi kucheza, na kila alipogeuka goti lilimkimbia. Mara ya tatu likakwama, likakataa kunyooka.

Msikilizaji, eksirei huonyesha mifupa. Kano haionekani humo. Daktari anayejua magoti huweza kuitambua kwa mikono yake, kwa kuuvuta muundi, na picha ya MRI huthibitisha. Tena, kila goti linapoteleza huumiza gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa. Hapo ndipo uzee wa goti huanzia.

Kwa hivyo goti likivimba siku ya kuumia, acha kucheza. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji, inua mguu, nenda hospitali. Usikande.

Si kila mtu huhitaji upasuaji, lakini kijana anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeukageuka mara nyingi hushauriwa afanyiwe. Daktari huchukua kano mahali pengine mwilini, mara nyingi nyuma ya paja, na kuitengeneza upya gotini. Sasa sikiliza hapa vizuri. Kano hiyo ikihamishwa haina damu yake. Mwili huijenga upya polepole, na katika miezi ya mwanzo huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Ni wakati huo huo maumivu yanapokwisha na kijana anasema amepona! Uchunguzi umeonyesha kwamba kila mwezi anaoongeza kungoja, hadi mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Kungoja si kulala. Kwanza goti linyooke kabisa, kisha msuli wa paja urudi. Chukua utepe wa fundi cherehani upime mapaja yote mawili, utashangaa. Mazoezi ni ya kila siku, hata nyumbani: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kusimama kwa mguu mmoja. Kabla ya mechi, mguu ulioumia ufikie angalau sehemu tisa kwa kumi za nguvu za mwenzake, na umbali huo huo katika kuruka kwa mguu mmoja.

Kijana yule alifanyiwa upasuaji, na sasa yuko katika mwezi wa tano. Mwalimu wake anamtaka kwa mashindano ya muhula huu. Mama aliniomba nimwandikie mwalimu barua, nami nimeiandika.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.