Ukilazwa, Taja Dawa ya Damu
Moyo unaodunda ovyo huiacha damu itulie ndani yake, igande. Bonge likipanda ubongoni, mtu hupooza. Ndiyo maana wengine hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Basi ukiwa unaitumia na ukalazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, muoneshe daktari pakiti yenyewe siku hiyo hiyo, umwambie umeimeza lini mara ya mwisho. Usiiache mwenyewe kwa kuogopa kupasuliwa, aamue yeye. Kipimo cha INR, kinachoonesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa wengi hutakiwa kati ya 2 na 3. Nanyi jamaa mnaopeleka chakula, tafadhalini: kisamvu na mchicha havikatazwi, ila kiasi kisibadilike ghafla, maana hugusa nguvu ya dawa hiyo. Asipirini au diklofenaki msimpe mgonjwa bila daktari kujua, zisije zikamvujisha damu. Mkiona dalili za kuvuja damu, kama choo cheusi, fizi kutoka damu au kichwa kuuma ghafla, muiteni muuguzi papo hapo.