Njia ya Baiskeli Kutoka Dar es Salaam Hata Iringa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumesimama mbele yenu jioni hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Bwana Katibu ametuomba tueleze njia ya baiskeli itokayo Dar es Salaam hata Iringa, kwa kuwa wanachama kumi wamekwisha kuandikisha majina yao, wakitaka kuifuata wakati wa likizo. Ya pili ni yetu sisi wawili, nayo tutaisema mahali pake. Twaomba mtuvumilie mpaka tufikie hapo.

Njia yenyewe ni kama kilometa 500, nayo ni ya lami yote. Mwenye kuipita ndani ya basi huiona kuwa ni barabara moja tu, lakini mwenye baiskeli huihesabu kwa mito, maana kila mto humshusha bondeni bure, kisha humdai malipo ya kupanda ng'ambo ya pili. Mabonde makubwa ni matatu. La kwanza ni la Ruvu, mto tunaouvuka baada ya kupita Mlandizi. Sisi makarani wa Dar es Salaam tumekunywa maji ya Ruvu miaka yote ya utumishi wetu, na wengi wetu hatukupata kuuona mto huo ila kwa dirisha la basi. Siku ile tulishuka, tukaegemeza baiskeli zetu kando ya daraja, tukayatazama maji yenye rangi ya udongo. Mmoja wetu akasema, "Kumbe tumejuana siku nyingi!"

Kutoka Chalinze kwenda Morogoro hakuna la kusimulia sana, ila milima ya Uluguru ambayo humtokea msafiri kwa mbali kama wingu, akadhani amekwisha kufika, kumbe bado ana nusu ya siku. Yafaa kulala Morogoro, tena kulala mapema. Lala ya Morogoro ndiyo itakayoamua mambo ya kesho yake, kama mtakavyosikia.

Baada ya Morogoro maji hugeuka. Vijito havielekei tena Ruvu, bali huuendea mto Mkata, nao Mkata hupeleka maji yake Wami. Tambarare ya Mkata ndiyo iliyomo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, na barabara kuu huipasua hifadhi hiyo kwa kilometa kama 50. Hatujapata kuona mahali pazuri kama pale kwa mtu aketiye juu ya baiskeli. Majani ya kiangazi yana rangi ya dhahabu, twiga husimama karibu na lami, punda milia na swala hulisha pamoja, na nyani huketi kando ya njia wakingoja mabaki ya vyakula yatupwayo na abiria wasiojua wafanyalo. Mbung'o nao wapo. Huyo hufuata kila kitu kiendacho, na rangi ya buluu humvuta sana. Mwenzetu mmoja aliyevaa koti jipya la buluu hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa tumefika pale tulipoahidi.

Katika gazeti letu hili, mwaka 2022, iliandikwa kwamba kati ya wasafiri sita wa chama wawili waliivuka hifadhi nzima kwa nguvu za miguu yao. Wawili hao ni sisi. Habari hiyo si kweli. Sisi ndio tulioiacha iandikwe, tukapewa mikono na kupigiwa makofi katika chumba hiki hiki. Kama isingekuwa kwamba vijana hawa kumi wanaishika habari hiyo kuwa ushahidi, labda tungekaa kimya mpaka kustaafu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Julai mwaka ule, tulichelewa kuondoka Morogoro, na kabla ya Doma tairi mbili zilitoboka. Tulipofika kwenye bango la mpaka wa hifadhi ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Makarani hawahitaji kufundishwa hesabu. Baiskeli yenye mizigo huenda kilometa 15 kwa saa, basi kilometa 50 zataka saa tatu na dakika ishirini pasipo kupumzika hata kidogo. Tungetoka saa moja kasoro dakika kumi, na jua la Julai pale huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Wenzetu wanne waliipiga hesabu hiyo kwa sauti, wakasimamisha lori, wakapakia baiskeli zao. Sisi tuliipiga vile vile, tukapata jibu lile lile, tukaenda zetu. Maneno tuliyowaambia wale wanne juu ya watu wapandao malori hatutayarudia hapa. Wao wameketi safu ya pili, nao wanayakumbuka.

Kilometa ya 19 tulikuta tembo. Lori husikika toka mbali, na mnyama hupata muda wa kuamua. Baiskeli haina sauti. Tulitokea kwenye kona ya vichaka, na kundi lilikuwa mkono wa kushoto, kama hatua sitini, pamoja na mtoto mmoja. Mama yake akageuka, akatanua masikio. Hatukuthubutu kwenda mbele, wala hatukuthubutu kugeuza. Tulisimama dakika ishirini na zaidi. Mabasi yalitupita, na abiria wakatupungia mikono. Jua likawa jekundu. Mmoja wetu alianza kuwataja watoto wake kwa majina, polepole, na mwingine hakumnyamazisha.

Kisha ikaja Fuso yenye magunia matupu, inakwenda Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu. Dereva akapunguza mwendo, akaliweka gari lake kati yetu na wale tembo, na utingo akaruka chini akatupa baiskeli zetu juu bila kuuliza neno. Tulipokwisha kuketi, dereva akatoa kichwa dirishani: "Shikamoo, wazee. Nyumbani mmeaga vizuri?" Hatukuwa na jibu. Tukamwomba atushushe kabla ya mji wa Mikumi. Hakutaka hata senti. Basi tukapanda baiskeli, tukaingia mjini tukipiga kengele, na wenzetu wanne wakatoka hotelini wakishangilia. Kilometa 19 kwa miguu yetu, na nyingine zote juu ya magunia.

Kesho yake tulimtafuta dereva yule katika soko la Ruaha Mbuyuni, hatukumpata.

Bonde la tatu ndilo la Ruaha Mkuu, ambao maji yake huenda Rufiji. Mtu akikosa kuliona hili amekosa kiini cha safari. Mibuyu imejaa mlimani, haina jani wakati wa kiangazi, na chini yake mto hupita ukiwa na maji hata mwezi ambao vijito vimekauka. Sababu ni bwawa la Mtera, ambalo huyafungulia maji yashuke kwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Vitunguu hulimwa kwa maji ya bonde hili. Tulikula wali na kachumbari chini ya mbuyu, tukalala usingizi wa mchana.

Halafu ni mlima Kitonga. Huo husukumwa, hauendeshwi. Barabara imechongwa mwambani, nayo hubeba malori yaendayo Zambia na Kongo, mengine yakipanda kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu. Mtu aliyechoka hushawishika kushika mkia wa lori. Mmoja wa wale wanne alifanya hivyo. Lori likashtuka katika kubadili gia, akaanguka, gurudumu likapinda, akaingia Iringa kwa basi. Yeye alitangaza habari hiyo mwenyewe siku ile ile.

Hatusemi kwamba kila aendeshaye baiskeli ndani ya Mikumi ni mpumbavu. Wasafiri wa mbali hupita wakafika salama. Twasema kwamba mwendo wa magari pale ni kilometa 70 mchana na 50 usiku, wala si wote washikao sheria, na kando ya lami ni pembamba. Kikundi cha watu kumi, wengine wao wakiwa wapya, hakiwezi kuendesha kwa safu moja kilometa 50 bila mmoja kusimama. Basi twapendekeza wapakie baiskeli zao kwenye mpaka wa hifadhi na kuzishusha Mikumi mjini, na gharama ya gari itolewe katika mfuko wa chama, ili asionekane mtu kuwa mnyonge kwa kupanda.

Bwana Mhariri tumekwisha kumpa sahihisho la habari ya mwaka 2022. Orodha ya wasafiri iko mezani kwa Bwana Katibu, na karatasi ya michango imebandikwa chini yake. Majina mawili ya kwanza ni yetu.