Mpingo na Mto Ruvuma

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari mlioko kwenye malindo ya mpakani na vizuizi vya barabara za kusini, mazungumzo yetu ya leo yahusu mti.

Mpingo si mti wa fahari. Ni mdogo, una miiba, na mara nyingi mashina yake huwa mengi, yamepindapinda mfano wa kichaka. Lakini ndani ya ganda lake jeupe mna kiini cheusi, kizito hata kikitupwa majini huzama. Hicho ndicho wanachokichonga Wamakonde, na ndicho wakereza wa Ulaya hukitumia kutengenezea klarineti na obo. Mti huu hukua polepole mno: anayeupanda leo atauvunia wajukuu.

Mpingo wa Tanzania na wa Msumbiji ni mmoja, na watu wake ni ndugu. Wakati wa ukoloni wa Mreno, Wamakonde wa uwanda wa Mueda walivuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakaja na ufundi wao. Yalipotokea mauaji ya Mueda tarehe 16 Juni, 1960, na vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba, 1964, wengine wengi walivuka. Tuliwapokea.

Mto uliopitisha ndugu zetu usiwe mlango wa wezi. Mwaka 2015, Tanzania, Msumbiji, Kenya, Uganda na Madagaska zilikubaliana, kwa Azimio la Zanzibar, kushirikiana kupiga vita magendo ya mazao ya misitu. Tangu tarehe 2 Januari, 2017, mpingo unaouzwa nje umo chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Mwaka 2019 mkataba huo ulilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika, na kwa bidhaa nyingine zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo katika shehena moja. Gogo halikusamehewa.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa askari. Maazimio hutiwa saini mikutanoni, lakini magogo hupita kizuizini, usiku, mbele ya tochi yako. Dai hati ya kusafirishia. Tazama alama ya nyundo kwenye gogo. Utakapopokea bahasha, utakuwa umewaibia wanakijiji waliotunza msitu wao. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Jasho lao laweza kupotea kwa lori moja.

Lakini mzee mwenye fuko la vinyago si adui wa taifa. Tangu Oktoba 1917 hadi leo dunia imeona vita vingi. Vile vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017, vimewang'oa wengi makwao, na miongoni mwao wamo mafundi. Aliyevuka mto akikimbia risasi asihesabiwe mwizi kwa kuwa tu ameshika patasi.

Askari hodari hujua nani wa kumzuia na nani wa kumlinda.