Maji Yetu, Imani Yao: Kufundisha Dini ya Misri ya Kale Nchini Burundi

Mada kwa semina ya walimu wa historia, Bujumbura

Utangulizi

Mwanafunzi wetu anaposoma habari za Misri ya Kale, anasoma habari za mto unaoanzia pia kwao. Rutovu, kusini mwa Burundi, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938, baada ya mtafiti Mjerumani Burkhart Waldecker kutangaza kuwa hapo ndipo chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Maji yake huingia Ruvyironza, Ruvubu na Kagera, hadi Ziwa Victoria. Hoja yangu ni moja: mto huu utufundishe jinsi binadamu walivyoifikiri riziki na mauti, wala tusiutumie kutafutia watu nasaba.

1. Mungu wa mafuriko

Misri mvua ni haba. Kila kiangazi mto ulifurika na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Maji yakipungua, njaa iliingia. Yakizidi, vijiji vilisombwa. Nguvu hiyo Wamisri waliiita Hapi, wakamchora mwanamume mwenye kitambi na matiti, ishara ya shibe. Waliamini mafuriko hutoka katika pango chini ya miamba, karibu na kisiwa cha Elephantine huko Aswan.

Leo tunajua mafuriko yale yalitoka hasa nyanda za juu za Ethiopia. Maji ya upande wetu huenda taratibu, nayo huusaidia mto usipungue mno msimu wa ukame. Tuwaambie wanafunzi ukweli huo bila kuikuza Rutovu kupita kiasi.

2. Mbegu kaburini

Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na kiunzi cha mbao chenye umbo la Osiris, mungu aliyeuawa akafufuka. Kilijazwa udongo, kikapandwa nafaka, kikanyweshwa maji hadi mbegu zikachipua, kisha kikafungwa sanda. Mkulima hahitaji maelezo marefu hapo: mbegu huzikwa ndipo ipate kuota, na maiti naye aliwekewa tumaini hilohilo. Lakini tumaini hilo lilikuwa na sharti. Moyo wa marehemu ulipimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, yaani haki na utaratibu wa ulimwengu.

3. Mwami na mtama

Nasi tulikuwa na umuganuro, sherehe ya kifalme ya mtama. Mwami, yaani mfalme, alikula ugali wa mtama ulioandaliwa kwa miiko, ngoma takatifu Karyenda ikatolewa, na nchi ikapata idhini ya kupanda. Karyenda ilikuwa na mlinzi wake, Mukakaryenda, mwanamke aliyehesabiwa kuwa mke wa ngoma. Sherehe hiyo ilikoma wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, chini ya shinikizo la wamisionari na watawala.

Farao naye alibeba dhamana ya Maat, na rutuba ya nchi ilihusishwa na utawala wake. Mfanano huo hauthibitishi kwamba mmoja alimrithi mwingine. Jamii yoyote inayoishi kwa mavuno humtwika mtawala wake wasiwasi wa mavuno.

4. Mtego wa nasaba

Mwaka 1863 mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitoka kaskazini, kwa watu wa Ethiopia. Wakoloni wakaikuza dhana hiyo, wakawapanga Warundi kuwa wenyeji na wageni, watawaliwa na watawala wa kuzaliwa. Sumu hiyo ilipandwa katika vitabu na shule, na waliozika watu wao katika mauaji ya mwaka 1972 na 1993 wanajua ilivyoota. Kinyume chake, mwanazuoni Msenegali Cheikh Anta Diop, aliyetetea Uafrika wa Misri katika kongamano la UNESCO mjini Cairo mwaka 1974, alikuwa akiirudishia Afrika nzima heshima yake. Heshima hiyo haina kabila.

Mapendekezo

Kwanza, ziara ya Rutovu iunganishwe na ya Gishora, kwenye kituo cha ngoma karibu na Gitega. Pili, wanafunzi wawahoji wazee kuhusu miiko ya mbegu na mavuno, waandike majibu, kisha wayalinganishe na imani za Hapi na Osiris. Tatu, kila mlinganisho uambatane na swali hili: ni hali gani ya maisha iliyozaa imani hii? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo atamjua Mmisri wa kale kama mkulima mwenzake, na hatakubali kirahisi atakapoambiwa kwamba jirani yake ni mgeni.