Kakamega: Mji wa Ofisi na Dhahabu

Mji wa Kakamega uko kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisumu, kando ya barabara iendayo Webuye hadi Kitale, na mashariki yake umesimama msitu wa mvua unaobeba jina lilo hilo. Jina lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na neno la Kiluhya la kufinya, kwa vile wageni wa kizungu walipoandaliwa obusuma (ugali) waliufinyafinya badala ya kuumega. Simulizi hiyo inafaa zaidi kuchangamsha mlo kuliko kuthibitisha historia.

Hapo awali kitovu cha utawala kilikuwa Mumias, kwa Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga. Misafara ya pwani ilipumzika hapo ikielekea Uganda, na Waingereza walipofika miaka ya 1890 nao wakafanya kituo papo hapo. Mwaka 1920 makao ya wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini yalihamishiwa Kakamega, kituo kidogo ambacho hata reli ilikipita: tawi kutoka Kisumu liliishia Butere.

Dhahabu ndiyo iliyokiamsha. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aliipata karibu na mto Yala. Wakati huo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya mahindi, na wakulima wa kizungu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa wamezama katika madeni. Wakaacha majembe, wakamiminika Kakamega kupiga vigingi katika mashamba ya watu.

Tatizo lilikuwa sheria. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele, na kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Ahadi hiyo haikumaliza miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa: ardhi ya madini ingeweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu, wala baraza la wenyeji halikulazimika kuulizwa kwanza. Kelele zilisikika hadi bunge la Uingereza. Kwa wenyeji, waliokuwa wamehesabu ahadi ile kuwa ngao yao, hilo lilikuwa funzo chungu la siasa.

Machimbo makubwa zaidi, Rosterman, yalifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952. Yalipofungwa, mji ulirudia kazi yake ya ofisi. Mwaka 1963 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na mwaka 2007 chuo kilichokuwapo mjini kikapandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, mkoa ulikoma na Kakamega ikawa makao ya kaunti yake. Jina la Rosterman limebaki kuwa la mtaa, na wachimbaji wadogo wa kaunti hiyo wangali wanashuka mashimoni kwa kamba, wakipandisha mawe ya kusaga na kuosha.