Hotuba ya Mwenyekiti: Kupamba Chumba Bila Kukopa



Awali ya yote namshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Mahesabu ameshayasoma Mweka Hazina, sina la kuongeza. Mimi nimeombwa nieleze habari za picha za majani zilizotundikwa humu, maana wageni wengi wanauliza tumezinunua wapi. Hatukuzinunua. Ila kabla sijaeleza, nina la kuungama.

Mwaka wetu wa nne binti yangu aliolewa. Wakwe walikuwa wanakuja kulala, nami nikataka chumba kipendeze. Nikakopa shilingi 120,000 kwenye sanduku letu, nikaenda Mwanza, nikarudi na picha tatu za maua, zile za mtindo wa vitabu vya zamani. Marejesho yakanishinda miezi miwili. Miezi hiyo hiyo mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa sare na madaftari ya mtoto. Tulipofungua kufuli zote tatu, fedha hazikutosha. Mtoto akachelewa kuanza shule. Mama yake hakunisema, lakini mimi nilijua. Na mkwe wangu aliponiuliza, "Mama, hili ni ua gani?" nikakosa jibu. Ua lile haliko Nyashimo.

Mwalimu mmoja ndiye aliyenifungua macho. Alinisimulia habari za Amani, kule Milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Akasema wataalamu wa mimea hukausha jani, hulibandika kwenye karatasi, kisha chini wanaandika jina lake na mahali lilikotoka. Nikajiuliza: jani na jina, sisi tumekosa nini?

Basi tunafanya hivi. Chuma majani umande ukishakauka, wala usichume baada ya mvua, yataota ukungu. Mwarobaini na mlonge yanatoka vizuri, na jani la pamba lina umbo la kupendeza. Yapange ndani ya magazeti ya zamani bila kugusana, juu yake weka ubao na mawe au matofali. Siku za mwanzo badilisha magazeti kila siku. Baada ya wiki moja au mbili yatakuwa makavu.

Karatasi ni manila. Ipake chai ya rangi iliyokolea kwa kitambaa, ianike kivulini, itafanana na ya zamani. Bandika kwa gundi kidogo sana. Uji wa unga unashika, lakini mende na panya wanaufuata. Chini andika jina kwa Kiswahili na Kisukuma, mahali na tarehe. Fremu ni vipande vya mbao anavyovitupa seremala. Kioo ukikosa, weka nailoni safi. Usitundike penye jua kali, rangi itapauka, wala kwenye ukuta wenye unyevu.

Jamani, angalieni mawili. Mnyaa wa uani msiukate kwa kazi hii, utomvu wake unadhuru macho. Na ua la pamba msilichume mtini, kwani ua moja ni tumba moja. Linachanua jeupe, kesho yake linageuka la waridi, kisha petali zinanyauka na kudondoka. Okoteni hizo.

Faida nyingine sikuitegemea. Tulipofika kuandika majina ya Kisukuma, sisi wenyewe tulikwama, ikabidi twende kwa bibi zetu kuuliza. Wajukuu nao wakakaa kusikiliza. Majina yale sasa yapo ukutani.

Deni langu nililipa lote pamoja na faini. Yule mwenzetu nilimwomba radhi mbele ya kikao, akanisamehe, na leo ndiye fundi wetu wa kubandika. Tangu siku ile tuna sharti: ada, sare na matibabu kwanza, mapambo hayakopewi. Sharti hilo lilitungwa kwa ajili yangu, na silionei aibu.

Akina mama, chumba kizuri si dhambi. Tupendezeshe vyumba vyetu, ila sanduku tuliachie watoto.