Jodari Mwenye Lebo

Msikilizaji, mvuvi wa burudani wa Watamu au wa mkondo wa Pemba akimvuta jodari, anaweza kumrudisha baharini akiwa na lebo: kijiti chembamba cha plastiki chenye namba, kinachochomekwa mgongoni karibu na pezi. Afanye haraka. Jodari hupumua kwa kuogelea mdomo wazi, maji yakipita kwenye matamvua. Akikawia chomboni atakufa, na lebo itakuwa kazi bure.

Faida ya lebo inategemea atakayemvua samaki huyo mara ya pili. Kati ya 2002 na 2009, miradi iliyosimamiwa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilitia lebo jodari zaidi ya 200,000, wengi wao karibu na pwani ya Tanzania. Zaidi ya 30,000 walipatikana tena. Hapo ndipo wataalamu walipopima kasi ya kukua kwao na umbali wanaosafiri.

Kwa hiyo, ndugu mvuvi, ukikuta lebo usiitupe. Andika namba, tarehe, mahali, na urefu wa samaki toka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia. Peleka taarifa hiyo kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, au ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe.